Kuni Mgongoni

Wakati ule wakimbizi walipojaa kambini Benaco, jirani na kwetu, mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Kirushya bila kazi. Wachoraji wawili wa Kihispania, mke na mume, wakanichukua niwe mkalimani wao. Walikuwa wamehama kwao wangali vijana, na tangu hapo waliishi ugenini wakichora taabu za watu: wachimba migodi, wapagazi wa bandarini. Kwetu walitaka kuchora kuni. Miti ya wenyeji ilikuwa inakwisha, wakimbizi nao walihitaji kupika, na wanawake wa pande mbili walikuwa wakigombana porini karibu kila siku. Picha ingetundikwa mbele yao wote mkutanoni, waitazame, halafu wazungumze.

Siku ya tatu niliona kosa. Yule mchoraji wa kike alikuwa amechora mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama alivyozoea kuona katika nchi nyingine ya milimani alikowahi kuishi. Huku kuni hubebwa kichwani.

Ilitosha kusema. Lakini nikafikiri, pengine anajua, ndiyo sanaa yenyewe. Pengine mgongo una maana ambayo mtu wa shahada ya jiografia haioni. Nilitunga sentensi ya Kiingereza yenye adabu, nikawa naikariri njiani wiki nzima. Kila asubuhi aliniuliza, "Unaionaje?" Nami nikajibu, "Nzuri sana." Rangi ikazidi kukauka.

Siku ya mkutano kitambaa chenye picha kilitundikwa kati ya nguzo mbili. Kisha mama mmoja wa kijijini kwetu, mwenye shamba la mikaratusi, akasogea karibu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Mwanamke wa hapa."

"Wa hapa wapi? Sisi ni punda?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja mkimbizi akainuka upande wa pili. "Hata sisi hatubebi hivyo! Msitusingizie."

Mwenye mikaratusi akamgeukia. "Nyie mnabebaje?"

"Kichwani, na ingata."

"Ya majani makavu ya mgomba?"

"Sasa ya nini tena?"

"Ndiyo maana kuni za shambani kwangu ziliondoka upesi!"

Kicheko kililipuka pande zote mbili, na yule mkimbizi akacheka kuliko wote. "Dada, watoto walikuwa wanalia. Ungekuwa wewe ungengoja?"

"Nisingengoja," alikiri mwenzake.

Yule mchoraji wa kike akanivuta mkono. "Wanasema nini?"

"Wanasema kuni hubebwa kichwani. Wanasema kweli. Niliona tangu siku ya tatu."

"Siku ya tatu?"

"Siku ya tatu."

Mumewe aliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama nikawa naihesabu kazi yangu kuwa imekwisha, kisha akachukua mkaa wa kuchorea. "Basi mmoja anionyeshe."

Nikawatafsiria. "Msomi abebe!" wanawake walipiga kelele. Mkimbizi alisokota ingata akaniwekea kichwani. Yeye na mwenye mikaratusi wakanyanyua mzigo wa kuni uliokuwa hapo, kila mmoja upande wake, wakanitwisha. Hawakuondoka. Waliendelea kujadiliana hapo hapo, huku wakiushika usianguke.

"Mikaratusi yangu iacheni. Kule chini mtoni kuna matawi makavu."

"Ni mbali."

"Mje asubuhi, tutaenda pamoja."

Mchoraji alianza upya juu ya rangi iliyokauka, akinitazama na kurudi kwenye kitambaa. Shingo iliniuma, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nirudi kutoka chuoni. Nikaona mstari wa shingo anaouchora.

"Hapo umefupisha," nilimwambia.

Akafuta, akachora tena.