Jirani alivyopinga mtaa wetu wa Korogwe kugeuzwa wa biashara, nami nikaamini

Wakuu, habari za muda huu. Tangu asubuhi nacheka peke yangu, nikaona niwaletee. Chumvi sijaongeza hata punje, mambo yenyewe yalikuja nayo.

Naishi Korogwe mjini na mama. Nimemaliza chuo, ajira bado, kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kuwaza.

Mama ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele, lakini mlango uko uani. Mteja anapita jikoni, anaruka sufuria, anasalimiana na kuku, ndipo apimwe gauni. Hamu yake ni kutoboa ukuta apate fremu ya duka inayotazama barabara. Siku zote alikataliwa, maana mtaa wetu ni wa makazi tu.

Sasa likaja pendekezo la kubadilisha matumizi ya ardhi: viwanja vya kando ya barabara viwe vya makazi na biashara. Ukaitishwa mkutano, mwenye pingamizi aje aseme.

Mama aliimba kutwa nzima.

Jioni jirani yetu, Mzee Maganga, akachungulia juu ya ua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwambie mama yako nakwenda kupinga. Koti nimeshalipiga pasi."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nikaenda kutafuta kalamu.

Hapa niwaeleze wasiotujua. Mzee Maganga ni Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge akabaki. Sisi ni Wazigua wa Sindeni, kule Handeni. Makabila yetu ni watani. Siku tunamzika baba, mzee huyu aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka hadi apewe kuku.

Kwa hiyo utani naujua. Lakini nikawaza: ule ni wa misiba na harusi, huku ni serikalini! Nani anapiga pasi koti kwa ajili ya mzaha? Halafu mzee hulala mchana, na cherehani ya mama inapiga kelele. Overthinking ikanibeba. Nikaandika hotuba, nikaifanyia mazoezi mbele ya mbuzi.

Siku ya mkutano afisa mipango miji alikuwa dada mgeni kabisa wa huku. Akauliza nani ana pingamizi. Mzee akasimama, koti limenyooka.

"Mheshimiwa, napinga! Hawa Wazigua ukiwapa fremu watauza hirizi. Bundi watapanga foleni mpaka stendi!"

Watu wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. Alikuwa anaandika!

Nilipoona kalamu inatembea, nikaruka juu. "Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, hoja ya bundi haina ushahidi!"

Wakuu, ukumbi ulilipuka. Mama alijifunika kanga usoni. Mzee alishika kiti asianguke.

Mwenyekiti wa mtaa akafuta machozi. "Mheshimiwa, futa hiyo. Hao ni watani."

"Kwa hiyo mzee anapinga au hapingi?"

"Nipinge nina wazimu?" mzee akajibu. "Suruali zangu zote anashona huyu mama. Nimechoka kuruka sufuria zake!"

Hakuna mwingine aliyepinga. Ilichukua muda, lakini mabadiliko yakapita na mama akapata kibali chake.

Jana fundi amemaliza mlango. Leo asubuhi mama anataka kufungua, tukamkuta Mzee Maganga amelala kizingitini na koti lake, ameziba njia yote.

"Serikali imeruhusu," akasema akiwa amefumba macho. "Mimi bado."

"Ondoka we Mnyamwezi, wateja wanakuja!"

"Wanikanyage." Akafungua jicho moja, akanitazama. "Wewe msomi, hotuba ya leo iko wapi?"

Safari hii sikuwaza. Nilikwenda uani, nikamkamata jogoo tuliyeletewa na bibi kutoka Sindeni, nikampa kwa mikono miwili.

Akamwinua, akampima uzito. "Mwembamba kama marehemu baba yako," akasema, akanyanyuka.

Mteja wa kwanza kupita mlango wa mama akawa yeye, jogoo kwapani, suruali ya kutiwa kiraka begani.

Nilichojifunza: kabla hujaandika hotuba, mtazame mama yako kwanza. Akiwa anacheka, kalale.

Nyie wenzangu, watani wenu wamewahi kuwafanyia nini mbele ya wakubwa? Shusheni hapa, leo nina furaha ya kusoma hadi za uongo. Na wenye magauni ya kushona karibuni, sasa mnaingilia barabarani.