Wifi Yangu Alivyopanda Newala na Maji Yake

Ukitaka kusafiri kutoka Masasi, nauli peke yake haitoshi. Lazima pia upite kwa wifi yangu Somoe. Hakuna aliyempa cheo hicho. Alijipa mwenyewe pale stendi, nyuma ya birika lake la chai na beseni la vitumbua, na watu wakamwachia, kwa sababu vitumbua vyake ni vitamu na mwenyewe hanyamazi.

Mtu akiketi tu na begi lake, anaanza kuhojiwa. Unakwenda wapi, mwanangu? Tandahimba. Kwa nani? Kwa rafiki yangu, tulisoma pamoja. Umembebea nini? Hapo wengi hukohoa. "Aa, yaani unakwenda na meno tu!" Basi atainuliwa pale pale akanunue sukari, na akirudi chai yake imepoa na mafunzo ndiyo kwanza yanaanza. Usifike saa ya kula, watasema umenusa sufuria ukiwa njiani. Usimsifie kuku anayepita uani, maana atachinjwa huyo huyo, na pengine ndiye anayetaga. Ukipewa kitanda, ujue kuna mtu kalala chini kwa ajili yako, kwa hiyo usikorome mpaka jua likukute. Usianze maneno yako na "kwetu sisi". Na ukipanda Newala, kule juu maji ni ya kununua na ya kungojea. Ukitengewa ndoo ya kuoga, oga nusu, nusu irudishe. "Mgeni anayemaliza ndoo ya watu wa Newala," husema Somoe, "huyo hakuja kutembea, kaja kukomoa."

Mimi naitwa Maryam. Nauza korosho za kukaanga meza ya jirani yake, na kaka yangu ndiye aliyemwoa, kwa hiyo mafunzo hayo nayajua kama Alhamdu. Sasa nikwambie jambo ambalo wasafiri wake hawalijui. Wifi yangu hajawahi kulala kwa mtu. Tangu aolewe! Msibani anakwenda asubuhi, jioni karudi. Harusini anakula pilau, anaaga. Kisingizio chake ni mgongo, eti vitanda vya watu vinamuumiza. Mgongo wapi! Somoe hawezi kuwa mgeni, basi. Kukaa kwenye mkeka wa mtu, mikono mapajani, akingoja apewe, kwake hiyo ni adhabu. Kutoa anaweza sana. Kupokea kunamtoa jasho.

Aliyekuja kumbana ni Josephina, Mama Silvano, Mmakonde wa Makote, huko Newala. Walijuana hospitali, zamani, Josephina kamleta mwanawe Silvano anaumwa na Masasi hana ndugu. Somoe alikuwa akimpelekea uji mgonjwa mwingine, akammiminia na yeye. Tangu hapo Josephina akishuka Masasi halali kwingine. Silvano yule mgonjwa leo ana mke, na mama yake bado analala kwenye chumba kile kile cha uani kwetu na kuamkia vitumbua. Kila akiondoka husema, "Mama Abuu, na wewe uje kwangu." Somoe hujibu, "Inshallah." Ile inshallah ya kumfungulia mtu mlango aende zake.

Mwaka jana, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, Josephina alimaliza chai yake, akakiosha kikombe mwenyewe, akakifudikiza.

"Mama Abuu, leo ndiyo mwisho wangu kulala hapa."

"Mbona hivyo? Nimekukosea nini?"

"Majirani wananicheka. Wanasema nina tajiri yangu Masasi ninayekwenda kuombaomba kwake, ila yeye nyumba yangu anaiona inanuka. Mimi si ombaomba. Kama hulali kwangu, na mimi silali kwako. Tutasalimiana hapo stendi kama watu wengine."

Akafunga kitenge chake, akaondoka. Wifi yangu, mwenye maneno ya abiria wote wa kusini, akageukia unga wake wa vitumbua. Siku ile alitia chumvi kwenye vitumbua badala ya sukari, na watu wa Newala walisafiri bila mafunzo. Niliona ameumia kweli. Josephina ndiye rafiki pekee aliyenaye. Sisi wengine wote ni wanafunzi wake.

"Nitakwenda," aliniambia baadaye. "Nikimkosa huyu, sina mtu. Na wewe utanisindikiza, nisije nikaaibika."

Akaanza kufunga mizigo. Sukari, mchele, sabuni, doti ya khanga kwa ajili ya Josephina, vyote sawa. Halafu nikaona sufuria.

"Sufuria ya nini, wifi?"

"Kule ni kwa Wakristo. Huwezi kujua kilichopikiwa ndani."

"Mama Silvano kala kwenye sufuria zako miaka yote hiyo, hajakuuliza chochote. Sufuria hiyo ikipanda gari, mimi nashuka."

Aliirudisha huku amenuna, nikadhani nimeshinda. Kumbe wapi! Asubuhi ya safari namkuta stendi na madumu mawili ya njano, yamejaa hadi shingoni, vifuniko vimefungwa kwa mpira mwekundu wa baiskeli.

"Maji," akasema kabla sijauliza. "Wenzetu kule hawana. Tutaoga yetu, tutakunywa yetu, tusiwatie watu hasara. Huo ndio ustaarabu, Maryam."

Gari lilikuwa linapiga honi. Kondakta aliyanyanyua madumu akidhani ni mafuta, akayanusa.

"Mama, unapeleka maji Newala? Unakwenda kuuza?"

"Nakwenda kutembea."

Gari zima likaangua kicheko, na kondakta akatutoza nauli ya mzigo. Tulipofika Newala mjini tulichukua bodaboda mbili za kwenda Makote. Sisi tulibanana kwenye moja. Madumu yakapewa ya kwao peke yao.

Josephina alikuwa ametufagilia uwanja wote. Kavaa kitenge cha kanisani, na majirani wapo, wamejikuta tu hapo kwa bahati, kila mmoja na shughuli yake isiyo na mbele wala nyuma. Vigelegele vikapigwa. Mkwe wake Flora akapiga goti, "Shikamooni," tukaitikia. Josephina mwenyewe akatoka ndani na sinia, juu yake jagi na glasi mbili zimefunikwa kitambaa cha kufumwa. Maji ya mgeni hayo, yale ya kwanza kabisa, kabla hata ya habari za safari.

Somoe hakuyaona. Alikuwa amemgeukia kijana wa bodaboda. "Shusha maji yetu hapo, taratibu." Kisha akamtabasamia mwenzake kwa upendo wote aliokuwa nao. "Mama Silvano, usihangaike, mwenzangu. Tumekuja na maji yetu."

Jirani mmoja, Mama Upendo, aliyekuwa akipepeta kitu ambacho nadhani kilikwisha kupepetwa tangu jana, akasema bila kuinua uso, "Makubwa! Kumbe kwa Mama Silvano mgeni anakuja na maji yake ya kunywa."

Josephina akaliweka sinia chini. "Karibuni ndani," akasema, kwa sauti ya kumkaribisha mtu aliyekuja kudai kodi.

Chakula kililetwa: wali, jogoo wa nazi, kisamvu kilichotwangwa kikalainika. "Kachinjwa na Bwana Ashiru, jirani yetu, Mwislamu mwenzenu," Josephina akasema. "Nilimwita makusudi." Nikaikumbuka ile sufuria, nikainamia wali wangu. Na wifi yangu, masikini, akaanza kufuata kanuni zake mwenyewe. Akala kidogo. Paja akalirudisha kwenye bakuli. Akasema ameshiba. Kila alivyozidi adabu, ndivyo mwenyeji alivyozidi kukunja uso.

Jioni akatengewa ndoo ya maji ya moto bafuni. Somoe akaoga maji ya dumu, tena ya baridi, akairudisha ile ndoo kama alivyoikuta. "Nimekurudishia, haijaguswa," akasema kwa majivuno kabisa. Josephina akaitazama. Akaiacha ipoe, akaenda nayo uani, akawamwagia bata, ndoo nzima, kiangazi kile. Bata wa Makote hawajasahau.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Flora jikoni akichochea moto, nikamwuliza mama mkwe wake anataka nini hasa. Akanitazama kama anapima aseme au anyamaze.

"Mama, mnakiona kile kisima?"

Nilikuwa nimekiona, nyuma ya nyumba, kisima cha saruji kilichochimbiwa chini, kile kinachokinga mvua inayoteremka kwenye bati. Kifuniko chake cha chuma kilikuwa na kufuli.

"Mvua zilipokatika alikifunga kimejaa. Akasema haya ni maji ya Mama Abuu. Kiangazi chote tumenunua maji ya bodaboda, siku nyingine tumeyafuata bondeni kwa miguu, na kisima kimejaa hapo mlangoni. Silvano alimwomba akifungue, akakataa. Alisema, 'Mwenzangu kanipikia chai miaka yote. Akija kwangu ataoga maji ya mvua mpaka achoke.' Jana alitaka kukifungua mbele yenu, mkashusha madumu, basi akawatengea ya kununua."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikaenda kwa wifi, aliyekuwa amekaa mkekani na mikono mapajani, mgeni wa kupigwa picha, nikamweleza yote bila kutia sukari.

"Madumu yako yamemtukana mwenzio mbele ya majirani wale wale wanaomcheka. Ukiondoka hivi hivi, chumba cha uani tafuta mpangaji."

Macho yakamjaa. "Mimi nilikuwa namwonea huruma, Maryam."

"Ndiyo hiyo asiyoitaka."

Kisha akainuka, akajifunga khanga yake kifuani, akatoka uani. Josephina alikuwa anachambua korosho na Mama Upendo na wenzake. Somoe akasimama mbele yao.

"Mama Silvano, naomba maji ya kuoga."

"Si unayo yako?" Josephina hakuinua kichwa.

"Yangu mabaya. Naomba ya kisimani kwako."

Mikono yote ikasimama juu ya korosho. Josephina akanyanyuka polepole, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge, akatoa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi ligongwe jiwe. Ndoo ikashuka, ikapanda, maji meupe yanamwagika pembeni. Somoe akaingia nayo bafuni, ndani ya ua wa makuti, na tukaanza kusikia maji yakipigwa. Halafu ikatoka sauti ile ile ya stendi.

"Mama Silvanooo! Yameisha! Niongezee!"

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Kanuni yake kuu kabisa!

Josephina alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika. "Umemaliza yote?"

"Yote! Na mgongo una sabuni!"

"Mnamsikia?" Josephina akamgeukia Mama Upendo. "Mtu wa Masasi huyo. Kwangu haoni haya." Na Mama Upendo, ambaye maneno hayamwishii, siku hiyo yalimwishia. Ndoo ya pili ikaenda, na ya tatu. Ile ya tatu nadhani wifi yangu aliimwaga tu, lakini mpaka leo hajakubali.

Baada ya hapo alikula paja, na paja la pili, akalala mpaka jua likaingia dirishani, akasema "kwetu sisi" asubuhi mpaka jioni. Tulikaa zaidi ya tulivyopanga. Siku ya kuaga akayatafuta madumu yake.

"Madumu gani?" Josephina akauliza. "Mimi sijapata mgeni aliyekuja na madumu."

Tukashuka bila madumu. Lakini Josephina hakuahidi kuja, na Somoe hakuthubutu kuuliza. Pale stendi alirudia mafunzo yake, ila msafiri wa Newala akiketi, wifi yangu anakuwa na shughuli nyingi na birika. Mvua zikaanza, Krismasi ikapita. Chumba cha uani kinafagiliwa kila siku. Kila gari la Newala likiingia, shingo ya Somoe inarefuka. Ukimwuliza anatazama nini, anatazama mawingu.

Mwezi wa kwanza bomba la mtaa wetu likakauka. Tulikuwa tunahangaika na ndoo, vitumbua vimepungua, wifi amekuwa mkali haambiliki, ndipo likaingia gari la Newala na kondakta yule yule.

"Mama vitumbua! Mzigo wako!"

Akashusha dumu la njano, limejaa hadi shingoni, kifuniko kimefungwa kwa mpira mwekundu wa baiskeli. Nyuma yake akashuka Josephina na kikapu chake cha nguo za kulalia.

"Mama Abuu," akasema kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa wanakata tiketi, "nimesikia Masasi bomba limekauka. Nikasema nisikutie hasara, mwenzangu. Nimekuja na maji yangu."

Stendi nzima ilivunjika mbavu. Mimi nilikuwa namtazama wifi. Akacheka mpaka akaketi juu ya kigoda, na kwenye kicheko kile kile akaanza kulia, akijifuta kwa pindo la khanga wala hajifichi.

"Dumu lako liweke huko," alisema alipopata pumzi. "Utaoga maji yangu, na yakiisha utaita uongezewe."

"Bombani hakuna, Mama Abuu."

"Hilo halikuhusu. Wewe mgeni."

Halafu akageuka kunitazama mimi, na ndoo tupu ilikuwa tayari mkononi mwake.