Vidonge vya Shangazi kwenye Bakuli la Pipi

Ipo sabuni ya kufulia inayonukia maua, na jirani yangu anaipenda sana. Akianika nguo asubuhi, harufu yake hupita ukuta ikanifikia jikoni. Mwanzo huwa tamu, kisha nainuka nafunga dirisha. Niwaambie kwa nini.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Gikondo, nyuma ya gereji. Wazazi wangu walikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, na Kinyarwanda sisi watoto tukakiokota shuleni. Baba alinunua mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika. Bafuni haikuingia, ikawekwa sebuleni, na mimi na mdogo wangu Mugisha tukawa tunakaa mbele ya kioo chake kutazama soksi zikizunguka.

Siku ya kwanza Mama alitia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, kiasi kile kile alichozoea kutia kwenye beseni. Povu likafurika kwenye droo ya sabuni, likatambaa hadi chini ya makochi. Bibi, mama yake Baba, akapandisha miguu kitini na kukaa hivyo, kama abiria anayesubiri kuvushwa. Tulicheka hadi machozi. Fundi alipokuja akaeleza kwamba mashine ile inataka sabuni yake, isiyotoa povu jingi. Baba akampigia dada yake aliyeko Ubelgiji.

Kifurushi cha Shangazi kilifika Jumamosi. Kama kawaida kilikuwa na chokoleti na pipi, na safari hii pia mkebe wenye picha ya maua. Mama alikuwa ameelezwa kwa simu kwamba humo mna vidonge vyenye sabuni ya maji ndani, unatupia kimoja pamoja na nguo, basi. Sisi wengine hatukuambiwa. Aliuweka mkebe juu ya kabati, akarudi kwenye shughuli zake.

Kesho yake tulikuwa na wageni wa kanisani. Mama alikuwa jikoni, Baba bado hajarudi kutoka ibadani, na Bibi akajipa kazi ya kupamba meza. Nikamwona akishusha ule mkebe na kumimina vilivyomo kwenye bakuli la kioo la pipi. Vilikuwa laini, vya buluu na zambarau, vikimetameta. Bibi hakujua kusoma, na hata angejua, maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Mimi niliwaza tu kwamba mwaka huu Shangazi ametuletea pipi nzuri kuliko zote.

Mugisha alitangulia kufika mezani, akatia kimoja mdomoni. Nilisikia mlio mdogo, kama kipovu kinachopasuka, kisha akaanza kukohoa. Povu lilimtoka mdomoni na puani, na sebule nzima ikajaa harufu ile ya maua. Alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa yakiuliza kitu.

Mama alitoka jikoni, akanusa, akaelewa. Hakupiga kelele. Alimfuta mdomo kwa kitenge alichojifunga, akambeba, akatoka pekupeku hadi barabarani, na nikasikia pikipiki ikiondoka. Bibi alibaki amesimama na mkebe mtupu mkononi. Aliniuliza taratibu, "Aline, ile ilikuwa nini?"

Mugisha alilazwa, akawekewa hewa ya oksijeni. Asubuhi Baba na Mama walikuja nyumbani kuchukua nguo zake. Baba hakuketi. Aliuliza nani aliweka sabuni kwenye bakuli la pipi, na sauti yake ilikuwa ya chini, sijawahi kuisikia hivyo tena.

Bibi akafungua mdomo.

"Ni mimi, Baba Aline," Mama akasema. "Nilitaka kuona zikoje, nikazisahau hapo."

Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama akisema uongo, na sasa ameusema bila kupepesa macho, huku mkono wake ukiwa juu ya goti la Bibi.

"Mama, kunywa chai, inapoa," akaongeza, akimgeukia Bibi.

Mugisha alirudi nyumbani akiwa na sauti ya kukwaruza, ikapona polepole. Baba aliendelea kununa muda mrefu. Ndugu zake walipokuja kutupa pole, walimsema Mama mbele yetu kwamba ni mzembe, naye akawaongezea chai. Nilimkasirikia kwa kutojitetea.

Bibi alipokwisha kuzikwa, nami nikiwa mtu mzima, nilimuuliza Mama kwa nini. Alikuwa akikunja mashuka. Akasema, "Hasira ya baba yako mimi ningeiweza. Bibi yako ingemuua."

Nikamuuliza kama Bibi aliwahi kumshukuru. Akasema hawakulizungumza hata mara moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho utotoni nilikichukulia kuwa ukaidi wa uzee. Tangu asubuhi ile, sahani ikiwekwa mbele ya Bibi, hata akiwa na njaa, hata chakula kikipoa, hakukigusa mpaka Mama atoke jikoni, anawe mikono, aketi.