Shangazi na Vitonge vya Bundi

Dada yangu ni mtaalamu wa wanyamapori, na bundi ndio kazi yake tangu amalize chuo. Mtaani walimbatiza Mama Bundi. Zamani jina hilo lilimkera. Siku hizi usipomwita hivyo haitiki.

Alianza peke yake na darubini yake, huku watu wakimkwepa kama mwenye nuksi. Badala ya kununa, akawaomba msaada. Seremala akajitolea kuunda masanduku ya viota. Shangazi yetu, fundi cherehani mstaafu, akapewa kazi ya kupasua vitonge. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutema manyoya na mifupa katika kitonge kikavu. Ukikipasua, unajua alichokula.

Msimu uliopita, meneja wa ghala la nafaka aliapa kuziba tundu la paa, na ndani mlikuwa na makinda.

"Wananichafulia ghala," alisema.

Dada akamsihi aje kwanza aone lundo la vitonge chini ya kiota, ndipo aamue. Akakubali, ila akaja na fundi na ndoo ya saruji.

Tulipoingia, sakafu ilikuwa inang'aa. Shangazi alisimama kando na ufagio, anatabasamu.

"Mgeni anakuja, mwanangu, ningeacha uchafu?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Basi, fundi, panda uzibe," meneja akasema.

Shangazi akautupa ufagio. Na magoti yake yale mabovu, alikimbia hadi jalalani nyuma ya ghala, akarudi na beseni limejaa vitonge na takataka. Akaketi sakafuni, akaanza kuvipasua kwa mikono mitupu, yeye ambaye siku zote hagusi kitonge bila kibano.

"Fuvu la panya hili. Na hili. Na huyu, baba, tazama meno, unadhani alikuwa anakula mahindi ya nani?"

Meneja akachuchumaa. Akaomba apasue kimoja mwenyewe. Kisha kingine, na kingine, mpaka saruji ikamgandia fundi ndooni.

Makinda wote waliruka salama. Nilifurahi hadi machozi, na sioni haya kusema. Meneja naye sasa ni mmoja wa watu wa Mama Bundi, tena mkali kupita wote. Chini ya lile tundu amebandika kibao kwa mwandiko wake mwenyewe: USIFAGIE HAPA. HASA WEWE, SHANGAZI.