Mwenzangu wa Salale Hakurudi Shuleni

Januari hii nilimpeleka binti wa kaka yangu Kibiti kuanza kidato cha kwanza, katika shule ileile niliyosoma mimi. Kabla hatujafika bwenini, msichana wa kidato cha tatu akaja mbio, akampokea tranka, akamwambia, "Karibu mdogo wangu. Umekula?" Ndugu yangu, ilibidi nigeukie pembeni nijifute macho.

Sisi hatukupokelewa hivyo. Nilitoka Mbwera kwa boti, nguo zikinuka moshi wa jiko la bibi, mkononi kopo la kamba wakavu aliowakaanga mwenyewe. Kitanda cha juu yangu alilala msichana wa Salale. Jioni tuliwachanganya wale kamba na maharage ya shule, tukakumbushana harufu ya mpunga mpya ukitwangwa. Alijua kuigiza kila mtu, hata mwalimu wa zamu anavyokohoa. Sijapata kucheka na mtu kama nilivyocheka naye.

Wageni tuliitwa njuka. Njuka aliwafulia wakubwa, aliwachotea maji, aliimba kapiga magoti huku akizomewa. "Na sisi tulifanyiwa," walisema, kama vile hiyo ni sababu.

Jumamosi moja mchana walimwamuru mwenzangu aruke kichurachura kuzunguka bweni, kisa kaongea Kindengereko, lugha ya kwetu. Alikuwa na pumu.

"Dada, kifua kinabana," alisema. Wakacheka.

Alipoanguka, midomo imebadilika rangi, nilikimbia pekupeku hadi kwa matroni. "Matroni, mwenzangu anakufa!"

Alipelekwa hospitali, akapona, alhamdulillahi. Lakini mama yake alipofika kutoka Salale, alikunja godoro la mwanawe palepale. "Nilimleta asome, sikumleta afe," alimwambia mwalimu mkuu. Mwenzangu alinishika mkono, kisha akamfuata mama yake.

Matroni alitukusanya bwenini. Hakufoka. Alionyesha kile kitanda kitupu, akauliza, "Nani kati yenu atakilalia?" Wawili walianza kulia, na walikuwa miongoni mwa waliocheka.

Tangu hapo kila mgeni alipewa dada wa kumlea, na matroni mwenyewe alikuwa akiwaita wageni mmojammoja, faragha, kuwauliza wanaishije. Aliyesema alilindwa. Mwaka uliofuata nilikabidhiwa mtoto wa Mohoro. Nilikula naye meza moja mpaka akazoea.

Bibi alishafariki, matroni kastaafu. Mwenzangu nimemuulizia Salale mara nyingi. Wengine wanasema aliolewa Mafia, wengine wanasema yuko Dar. Kwao hakuna tena mtu wa kumuuliza.

Binti wa kaka hunipigia simu Jumapili, anasimulia shule kwa furaha mpaka maneno yanamgongana. Nami nafurahi. Tukishaagana, moyo unanirudisha kwa yule mwenzangu. Wema wote huu ulianza yeye akiwa ameshaondoka, na hakuwahi kuuonja.