Niliyoiambia Simu, Kompyuta Ikayatangaza

Mpaka leo nikipita mbele ya nyumba ya Bi Saida navuta mtandio hadi kwenye nyusi na kukaza mwendo, na wala hatujagombana. Ni aibu tu, na kwa kuwa nyinyi mmeisikia nusunusu kwa watu, bora muisikie kwangu mimi niliyejitakia.

Mume wangu ana dada yake mkubwa, Mwajabu, mtu wa Mkange. Alipoachika alikuja kwetu hapa Bagamoyo kupumzika wiki mbili, na wiki mbili zikawa miezi minne. Si mtu mbaya (hilo nalisema mapema), lakini mchuzi wangu alikuwa akiuonja na kuuongeza chumvi mbele ya watoto, sufuria zangu kazihamisha zote mpaka mwiko nautafuta kama mgeni, na mimi sina ulimi wa kumwambia mtu mzima neno. Basi dukuduku langu nikawa namalizia kwenye simu. Mwalimu mwenzangu shuleni alikuwa kaniwekea ile programu ya akili bandia, unaiandikia swali inakujibu kwa Kiswahili safi, haichoki, haikusengenyi. Naingia chumbani, nafunga mlango, naandika. Na kwenye simu maswali yako ya zamani huyaoni, yamejificha nyuma ya vistari vidogo vya pembeni mpaka uvibonyeze, kwa hiyo mimi nikadhani yakishapita yamepita.

Sasa kikundi chetu cha akina mama wa mtaa, tunaopika kwenye shughuli za watu, tulitaka kuandika barua ya kuomba kupikia semina moja kubwa. Bi Saida, mwenyekiti wetu, akaniambia, "Mwalimu, si una hiyo akili ya kwenye simu? Andika hapohapo, utusomee." Ningefanya hivyo, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nikataka kuonekana. Nikasema simu ni ndogo, akina mama kumi na wanane tutasongamana, nitaazima kompyuta ya shule tuiunganishe na televisheni yako, kila mmoja aone kwa macho yake. (Kiherehere changu hiki kitakuja kuniua.)

Jumamosi baada ya adhuhuri tukajaa sebuleni kwa Bi Saida, na wifi nilikwenda naye mwenyewe, nikamkalisha mbele kabisa kwa heshima. Nikachomeka waya, nikafungua ile programu, ikataka kujua mimi ni nani, nami badala ya kufungua akaunti mpya nikaingia kwa ileile ya kwenye simu, maana ndiyo pekee niliyokumbuka neno lake la siri. Kisha nikaipa televisheni mgongo, nikawageukia akina mama, nikaanza kufundisha.

Nikaona wamenyamaza. Nikafurahi, nikasema moyoni leo wananisikiliza. Kumbe wanasoma! Kompyuta kioo chake kipana, na yale maswali yako yote ya nyuma yanapangwa upande wa kushoto, moja chini ya jingine, hayajifichi hata kidogo. Bi Saida akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma majina ya waliofaulu.

"Wifi kuongeza chumvi kwenye mchuzi wangu. Dua ya kumwondoa mgeni. Je, ni dhambi kusingizia nyumba inapakwa rangi?"

Nikageuka. Nikairukia kompyuta niifunge, kwa pupa badala ya kufunga nikabonyeza swali lenyewe likafunguka lote, na humo nilikuwa nimeandika jina, Mwajabu, herufi kwa herufi, na chini yake jibu refu linaloniambia nizungumze naye kwa upole, faragha, tukiwa wawili tu.

"Mashine imekwambia faragha," akasema Bi Saida huku akivua miwani, "wewe umetuita kumi na wanane."

Hakuna aliyecheka. (Afadhali wangecheka.) Nikauchomoa waya, nimechelewa. Wifi akainuka, akajifunga khanga yake vizuri, akasema, "Akina mama, samahanini, naona jua linakwenda," akatoka.

Nilipofika nyumbani begi lake lilikuwa mlangoni. Nikamshika mkono, akauondoa taratibu. Asubuhi yake mume wangu akamsindikiza kwenye gari la Mkange, aliporudi akaniambia neno moja tu: "Utakwenda mwenyewe." Na barua ya kikundi Bi Saida akaiandika kwa kalamu.

Nilijizungusha siku tisa ndipo nikaenda Mkange. Nilimkuta uani anachambua mchele.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," akajibu, akanisogezea kigoda.

Nikaanza kulia kabla sijasema kitu. Nikamwomba radhi, kisha nikamwambia yote kwa mdomo wangu, la chumvi, la sufuria, hata la rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa kwenye ungo.

"Wifi, mimi wiki ya tatu tu nilikuaga," akasema. "Unakumbuka ulinijibuje?"

Nilikumbuka. Nilimwambia, unakwenda wapi wifi, kaa, hapa si kwako?

"Mwezi wa pili nikakuaga tena, ukanificha begi." (Kweli nilimficha. Nilidhani ndiyo adabu.) "Sasa mimi ningejuaje? Nilikuwa nakaa nisikuudhi."

Alinisamehe, hilo namshukuru Mungu, tukala pamoja siku ile. Lakini kulala kwetu halali tena, anakuja asubuhi na alasiri anaondoka. Akaunti yangu nami siiweki tena kwenye kompyuta ya mtu, ila hilo ni dogo. Kubwa nililoliapia ni kwamba simwambii tena mtu "kaa" kama moyo wangu unamtaka aondoke, maana siku hizi nikimwambia wifi yangu neno hilo, ananitazama usoni kwanza.