Kondoo Aliyefukizwa Udi

Kila nikiingia nyumba ya harusi na harufu ya udi ikanipiga puani, huanza kucheka peke yangu. Wenzangu hudhani namcheka bi harusi. Wallahi simcheki; namkumbuka kondoo.

Tulikaa Mkange, na vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha majuzi tu. Baba alikuwa na kondoo kumi na ushei, wale wa vichwa vyeusi na mikia minene, waliolala katika banda la miti nyuma ya jiko. Mvua za vuli zilipootesha majani walianza kuzaa mfululizo, na uani kukawa kelele za wana-kondoo kutwa nzima. Mama naye alikuwa amejifungua mdogo wangu, bado yu ndani, hajatimiza arobaini. Kazi ya kuangalia wazazi wa bandani ikaniangukia mimi, mtoto wa miaka minane, nikajiona mkunga kamili.

Bibi mzaa mama alikuja kutoka Bagamoyo mjini kumlea Mama. Kila asubuhi nilikaa mlangoni nikimtazama akimwogesha mtoto, akimkanda kwa mafuta ya nazi, akimpaka wanja, kisha akimpitisha kwenye moshi wa chetezo. Kila aliyeingia aliomba kumpakata. Mimi hakuna aliyeomba kunipakata, na niliona wivu, sifichi.

Baba akanipoza, akinionyesha kondoo mmoja mwenye mimba. "Mashavu akizaa jike, ni wako."

Mashavu ndiyo kwanza azae. Akazaa jike, Ijumaa asubuhi, Baba akiwa shamba. Nilirukaruka mpaka kanga ikanivuka! Lakini mwanangu alikuwa amelowa ute mwili mzima, na mama yake anamlambalamba tu. Nikaona huko si kumtunza mtoto wa watu. Nikambeba hadi jikoni, nikamwogesha, nikampaka mafuta ya nazi mpaka akang'aa, nikamtia wanja, nikamfukiza udi wa Bibi. Akapiga chafya mbili. Nikamrudisha bandani nikiringa.

Mashavu akamnusa, akarudi nyuma, akampiga kichwa. Nikamsogeza tena, akampiga teke. Hadi adhuhuri mtoto alikuwa amelala chini, sauti yake imekuwa nyembamba. Nikakimbilia kwa Bibi huku nalia.

Bibi alipomwona na wanja wake alicheka mpaka akashika ukuta. "Mke mwenzangu!" akasema, maana ndivyo alivyonitania siku zote. "Umempamba akapendeza kwa kila mtu, ila kwa mama yake!" Kisha akamtia kidole mdomoni, kicheko kikakatika. "Mdomo umeshapoa. Huyu asiponyonya leo, kesho hatunaye."

Tukamsugua kwa jivu na maji ya moto kiasi, tukamkausha kwa gunia juani. Bibi akamkama Mashavu maziwa kidogo, akampaka mtoto kichwani, mgongoni na hasa mkiani, akamnyunyizia chumvi ili mama yake apate hamu ya kumlamba. Baba akatokea msikitini, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa akapiga magoti kwenye samadi kumshika Mashavu. Mama akachungulia dirishani. "Jamani, amekubali?"

Hakukubali. Alinusa, akageuza uso. Bibi akaongeza chumvi. Mimi nikasoma kila sura niliyofundishwa chuoni, na zilikuwa tatu tu. Mashavu akalamba mara moja. Akalamba tena. Akatoa mlio wa chini chini, wa kooni, ambao sijausikia kwa kondoo asiyezaa. Mtoto akajikongoja, akatafuta chuchu, akaipata, na mkia wake ukaanza kutikisika. Mama akapiga kigelegele, mzazi wa siku kumi na mbili! Mdogo wangu akashtuka akalia, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkimbilia.

Hakuna aliyenichapa. Nami nikashika somo moja tu, kwamba kondoo hawapendi udi.

Miaka mingi baadaye nilijifungua mwanangu wa kwanza. Wifi yangu akaingia na beseni, mafuta na chetezo, akanyoosha mikono amchukue mtoto. Nikajikuta nimemkumbatia mwanangu kifuani.

"Subiri kwanza, wifi."

"Hajaoga huyo!"

"Najua."

Nikaweka pua yangu kwenye utosi wake uliolowa, nikamnusa taratibu, mpaka nikamjua. Hapo ndipo nilipomwomba Mashavu radhi.